Kuwapeleka watoto Ruaha mkitokea Mbeya: jibu refu la mama aliyekwenda mara mbili

Dada uliyeuliza kama siku moja inatosha kuwapeleka watoto wako watatu, mmoja wao wa miaka minne, Hifadhi ya Ruaha mwezi wa sita mkitokea Mbeya, na kama gari aina ya Noah itafaa: nimeona wengi wamekujibu "nenda tu". Mimi nimekwenda mara mbili na watoto wangu. Safari ya kwanza iliharibika, ya pili wanaisimulia mpaka leo, na tofauti yake ilikuwa mipango tu. Naomba nieleze kwa kirefu.

Siku moja haitoshi. Mbeya hadi Iringa mjini ni zaidi ya kilomita 300. Ukifika Iringa bado una kama kilomita 130 za kwenda Msembe, yaliko makao makuu ya hifadhi, na sehemu kubwa ya njia hiyo sisi tuliikuta vumbi na mashimo. Mara ya kwanza tulitoka Mbeya saa tisa usiku tukidhani tunawahi. Tukaingia getini saa saba mchana, jua la utosi, wanyama wote wamejificha vivulini. Mtoto wangu mdogo, wakati huo ana miaka minne, alikuwa amelala tangu kijiji cha Idodi. Tukazunguka kwa muda wa saa tatu, tukaona swala pala na twiga kwa mbali, tukageuza kuwahi geti, maana giza likiingia hairuhusiwi kuendesha mle ndani. Njiani mtoto wangu wa kati akaniuliza, "Mama, kwani tembo wamehama?" Sikuwa na jibu, na niliumia.

Mara ya pili tuliigawa safari. Siku ya kwanza basi hadi Iringa, tukalala mjini. Kesho yake tukaenda polepole hadi Tungamalenga, kijiji kilicho karibu na hifadhi, kuna sehemu za kulala ambazo mtu wa kawaida anaweza kuzimudu. Siku ya tatu saa kumi na mbili asubuhi tuko getini, watoto wameamka vizuri, wameshakunywa chai. Kabla jua halijakolea tulikuwa tumeona mengi kuliko safari nzima ya kwanza: viboko pale daraja la Ibuguziwa, pundamilia, na tandala dume mwenye pembe za kujisokota aliyesimama tuli kama anapigwa picha. Ruaha ina bahati ya kuwa na tandala wakubwa na wadogo pia, kwa hiyo wafundishe watoto mapema namna ya kuwatofautisha. Wangu walishindana kutwa nzima.

Sasa jambo ambalo hakuna aliyekugusia. Wewe unatokea Mbeya, kwa hiyo hifadhi yako inaanzia barabarani. Basi likifika Igawa, waambie watoto wachungulie dirishani wauone mto Mbarali. Maji yale yanashuka kutoka milima yetu hii hii, yanaingia bonde la Usangu, yananywesha mashamba ya mpunga, yanayobaki yanakusanyika kwenye kinamasi cha Ihefu, halafu yanatoka kama mto Ruaha Mkuu na kuingia hifadhini. Mbele yake yanafika mabwawa ya Mtera na Kidatu kufua umeme. Usangu yenyewe iliunganishwa na hifadhi mwaka 2008, ndiyo maana eneo lake likazidi kilomita za mraba 20,000. Na tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukiacha kutiririka wakati wa kiangazi, kwa sababu kubwa ya maji yanayochukuliwa huku juu kwa kilimo. Mchele wa Mbarali tunaoupikia pilau na viboko wa Ruaha wanategemea mto mmoja. Nilipowaeleza hivyo, mtoto wangu mkubwa alinyamaza muda mrefu.

Ukilielewa hilo, unajua pia pa kuwatafuta wanyama: fuata maji. Usimwambie dereva akimbize gari hifadhi nzima kutafuta simba. Sisi tulikwenda Mwagusi, mto wa mchanga ambao kiangazi unaonekana mkavu kabisa, tukazima injini chini ya kivuli. Baada ya kama nusu saa likaja kundi la tembo. Mama mmoja akaanza kuchimba mchanga kwa mguu na mkonga, polepole, mpaka maji yakatokea. Akanywa, ndama akasogea, naye akaachiwa nafasi. Walipoondoka, nyani wakaja kunywa kwenye shimo lile lile. Saa nzima hakuna mtoto aliyeomba simu. Mimi machozi yalinitoka.

Kuhusu muda, mwezi wa sita ulioutaja ni mzuri, shule zimefungwa, mvua zimekatika, na hakuna joto kali bado. Wanyama hujazana zaidi mtoni Septemba na Oktoba, lakini joto la kule si la kumpeleka mtoto wa Mbeya wa miaka minne. Likizo ya Desemba mimi nisingekwenda: mvua, nyasi ndefu, wanyama wametawanyika.

Noah hapana. Kiangazi inaweza kukufikisha getini, lakini ndani si gari ya pale. Yetu ilikwama mchangani, na mle huruhusiwi kushuka ovyo kusukuma. Mara ya pili tuliungana na familia nyingine, tukakodi Land Cruiser ya kufunguka juu hapo Iringa, pamoja na dereva anayezijua njia. Gari ndiyo gharama kubwa kuliko zote, kwa hiyo tafuta wa kuchangia naye kabla hujatafuta kitu kingine. Viingilio kwa Mtanzania ni vya shilingi na viko chini sana ukilinganisha na vya wageni, na mtoto chini ya miaka mitano halipi. Malipo si ya fedha taslimu, ni kwa kadi au kwa namba ya kumbukumbu ya malipo (control number), kwa hiyo malizana nayo ukiwa bado una mtandao mzuri.

Mbung'o wapo, na wanauma kupitia nguo. Wanapenda rangi nyeusi na bluu iliyokolea, kwa hiyo yale masweta ya shule ya bluu yaache nyumbani. Vaeni kaki au kijivu, mikono mirefu. Mkipita kwenye miti iliyosongamana, pandisheni vioo. Kwa mbu, dawa ya kujipaka na chandarua. Kule ni ukanda wa chini na kuna joto, si kama Mbeya.

Huyo wa miaka minne mbebee poti. Vyoo vipo getini na Msembe, lakini katikati ni mbali, na hutashuka kichakani. Maji ya kunywa bebeni mengi, chakula kiwe kwenye vyombo vyenye mifuniko kwa sababu ya nyani, na mafuta yajazwe Iringa mjini. Vitambulisho vya NIDA na vyeti vya kuzaliwa vya watoto viweke kwenye mkoba wako wa mkononi. Vyetu mara ya kwanza vilikuwa chini ya mabegi yote, tukapakua gari zima pale getini, juani.