Lifti za boti za La Louvière: ukienda na kamera, subiri maji yatembee

Watu kadhaa wa hapa Ubelgiji wameniuliza zile picha za lifti za boti nilizipigaje, sa bora niandike hapa mara moja. Ni zile nne za zamani za mfereji wa Canal du Centre, kuanzia Houdeng-Goegnies pale La Louvière mpaka Thieu, zipo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1998.

Kabla ya mambo ya lenzi, elewa kwanza kitu kinafanyaje kazi, la sivyo utarudi na picha za vyuma tu. Kila lifti ina mabeseni mawili ya chuma yaliyojaa maji, marefu kama mita 43, na kila beseni limekaa juu ya pistoni moja nene sana, na hizo pistoni zimeunganishwa huko chini kwa bomba. Boti inaingia kwenye beseni, milango inafungwa, lile la juu linaongezewa maji kidogo tu linamzidi mwenzake uzito, basi linashuka na la chini linapanda. Yaani maji ndo yanainua maji! Na beseni liwe na boti au liwe tupu uzito ni uleule, manake boti ikiingia inasukuma nje maji ya uzito wake. Mi siku nimeelewa hilo ndo nikaanza kupiga picha za maana.

Kosa nililofanya mara ya kwanza: nilisimama chini karibu kabisa, lenzi pana, nikaielekeza juu, nguzo zote zikaonekana zinaangukia ndani. Rudi nyuma. Tembea kando ya mfereji hata mita mia mbili, tumia lenzi ndefu (ya kuvuta vya mbali), kamera ikae sawa bila kuinama, hapo ndo utaona ule mpangilio wa vyuma ulivyo mzuri. Na usiogope siku ya mawingu, jua kali linakata vyuma vipande vipande, huku juu kweupe tupu huku chini giza, ila wingu jepesi linakuonyesha mpaka kichwa cha kila ribiti, ile misumari minene inayounganisha vyuma.

Sa picha yenyewe ninayoipenda. Weka kamera kwenye stendi, kichujio cheusi cha kupunguza mwanga mbele ya lenzi, acha shata (kile kipazia cha kuingiza mwanga kwenye kamera) wazi sekunde tatu hivi wakati mabeseni yanatembea. Nguzo zinatoka kali kabisa zimetulia, mabeseni yanakuwa kama moshi, moja linapanda moja linashuka, na mtu akiiona tu anaelewa bila kuambiwa. Piga nyingi, na ukiwa karibu beba kitambaa manake matone yanadondoka kwenye lenzi. Halafu sogea, piga ile mistari ya maji inayochuruzika pembeni ya beseni kwenye chuma chenye kutu kidogo, hiyo hata simu inatosha.

Muhimu: hakikisha kabla hujatoka nyumbani kwamba siku hiyo boti za watalii zinatembea, ni za msimu, na mi nimeshasafiri nikakuta kimya kabisa siku nzima hakuna kilichosogea. Ukifika mapema tembea au kodi baiskeli, zote nne zipo ndani ya kilomita 7 tu.

Kuna jambo jingine nalibeba kila nikienda. Lifti ya kwanza ilizinduliwa 1888 na Leopold II, mfalme yuleyule aliyejitwalia Kongo miaka mitatu kabla. Siwezi kusimama pale nikaona uzuri wa kazi ya mafundi bila kumkumbuka huyo, na ndo maana napenda kuwapiga picha wale wafanyakazi wa leo wanaofungua milango (waombe ruhusa kwanza, wengi wanakubali), mikono yao kwenye chuma, kuliko lile jengo peke yake.

Ukimaliza Thieu na bado kuna mwanga, nenda Strépy-Thieu ukaone lifti mpya ya 2002, inapandisha meli za tani 1,350 mita 73 kwa mkupuo mmoja, zege tupu kubwa ajabu. Ndo iliyochukua mizigo yote, zile za zamani zikabaki na boti za watalii. Pale lenzi pana inafaa, na piga jioni.