Mazoezi ya Wenza Uzeeni: Maswali na Majibu

Swali: Nina miaka 72, mke wangu 66. Tukitembea pamoja, yeye hutangulia nami nabaki nyuma nikihema. Je, kila mtu atembee kivyake?

Jibu: Hapana, mzee wangu. Tembeeni pamoja, ila mwendo uwe wa yule anayewahi kuchoka. Anayetembea kwa kasi inayomfaa huweza kuzungumza bila kukatizwa na pumzi, lakini hawezi kuimba. Kwa hiyo ukijikuta unamjibu kwa neno moja moja, mwombe apunguze mwendo, wala usione haya. Mkishamaliza, yeye anaweza kuongeza mzunguko mmoja peke yake.

Swali: Kutembea kila siku kunatosha?

Jibu: Hakutoshi, na hili nalisisitiza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, waimarishe misuli angalau siku 2, na kwa siku 3 au zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kuuzoeza mwili kusimama imara, ili wasianguke. Anzeni na kiti kigumu kilichoegemezwa ukutani: kunja mikono kifuani, inuka bila kujisukuma, kisha shuka taratibu kuliko ulivyoinuka, bila kujibwaga, maana katika kushuka huko mapaja hufanya kazi kubwa. Mwenzako asimame ubavuni, asikushike, ila awe tayari kukudaka. Kwangu mimi, hiyo ndiyo faida kubwa ya kufanya mazoezi na mwenza.

Swali: Mume wangu anatumia dawa za shinikizo la damu. Je, kuna hatari?

Jibu: Mama, amwone daktari wake kwanza. Baadhi ya dawa hizo hupunguza mapigo ya moyo, hivyo kuyahesabu ili kupima ukali wa zoezi kunaweza kumpotosha, na nyingine huleta kizunguzungu mtu anapoinuka ghafla. Akibanwa na kifua au akihisi kuzirai, aache papo hapo na apelekwe hospitali.

Swali: Mwenzangu hataki hata kusikia neno mazoezi. Nifanyeje?

Jibu: Usilitaje. Mwombe akusindikize tu, dakika 10 kwenda na kurudi. Akikataa leo, nenda peke yako, na kesho umwombe tena.