Usimmwagie ng'ombe mafuta kabla hajazaa

Dada yangu wa Muheza, umeuliza kama umchanganyie ng'ombe wako mafuta ya alizeti kwenye pumba, maana amebakiza wiki tatu azae. Nakusihi, acha. Mafuta ya maji yakizidi huvidhoofisha vijidudu vya tumboni vinavyovunja majani: ng'ombe hacheui sawasawa, kinyesi kinalegea, hamu ya kula inapotea wakati ule ule anapoihitaji. Mafuta yote kwenye chakula chake, ukiondoa maji, yasizidi asilimia 6 hivi.

Mimi hapa Pongwe niliwahi kumnenepesha mmoja hadi mbavu hazionekani wala hazishikiki. Alipozaa, siku chache tu akasusa pumba, pumzi ikawa na harufu tamu tamu, maziwa yakashuka. Mafuta ya mwilini mwake yalikuwa yameelemea ini. Iliniuma sana.

Mpapase mbavu leo. Ukizihisi bila kubonyeza kwa nguvu, yuko vizuri. Mpe majani mazuri ashibe, pumba ziongezeke kidogo kidogo. Akishazaa na kula kwa hamu, ndipo umwanzishie mbegu za pamba, konzi chache kwanza. Na ndoo ya maji isikauke, dada.