Ukipima utelezi wa kona ya flaiova, fuata njia ya matairi

Mara ya kwanza nilipotumwa nikiwa na pendula, kifaa chenye mkono unaobembea na kipande cha mpira kinachosugua lami, kupima barabara ya kushukia flaiova moja hapa Dar es Salaam, niliitega pembeni, karibu na ukingo, kwa sababu niliogopa daladala. Namba zilivuka 65, na kwa pendula namba ikiwa kubwa utelezi ni mdogo, nikaandika ripoti kwa furaha. Mzee wa maabara aliisoma, akaniuliza, "Mwanangu, hapo ulipopima tairi hupita?"

Tulirudi Jumapili alfajiri, trafiki wakatufungia njia moja. Tulipoitega katikati ya kona, pale matairi yanapokanyaga kila siku, namba haikufika 55. Lami ni ileile, hatua chache tu kutoka nilipopima mimi.

Kwenye kona tairi haliviringiki tu, linaisukuma lami kwa ubavu, na dereva anayeshuka anakanyaga breki papo hapo. Kokoto husuguliwa hadi zikawa laini kama kigae. Za ukingoni hubaki na makali yake, kwa hiyo hazikwambii lolote kuhusu kijana wa bodaboda anayelalia kona wakati wa masika.

Hiyo 65 inatoka kwenye mwongozo wa zamani wa Waingereza: ni ya sehemu ngumu kama kona kali, mizunguko na miteremko mirefu. Barabara kuu iliyonyooka yenye magari mengi ilipewa 55. Usichukue kiwango cha barabara iliyonyooka ukakipeleka kwenye kona.

Pendula yenyewe inataka subira. Isawazishe kwa kiputo cha pimamaji, kisha uuachie mkono upite hewani mpaka mshale utulie kwenye sifuri. Rekebisha kimo mpaka mpira uguse lami kwa urefu wa milimita 125 hadi 127. Ukigusa zaidi ya hapo, namba inapanda na barabara inasifiwa bure. Mwagia maji kabla ya kila pigo la mkono. Piga mara tano, na majibu yakitofautiana kwa zaidi ya 3, endelea mpaka upate matatu mfululizo yanayolingana.

Halafu kuna joto letu. Mpira ukipata joto namba hushuka, wakati kipimo kinahesabiwa kwa nyuzi 20. Pima joto la maji yaliyo juu ya lami mara tu unapomaliza. Likifika nyuzi 31 hadi 35 unaongeza 2, likizidi hapo unaongeza 3. Mchana wa Februari bila kipimajoto, mimi siipokei karatasi yako.

Ukikuta doa la dizeli, pima kwanza lilivyo, kisha osha upime tena, na uandike yote mawili. Mpira ulioshika mafuta ubadilishe kabla ya kuhamia sehemu nyingine.

Unapopiga magoti, usiyape magari mgongo, hata kama koni zimepangwa. Kabla ya kuondoka, weka alama ya rangi pale mpira ulipogusa, ili baada ya masika urudi palepale.