Wadogo zangu wa fiziotherapia, ile karatasi ya mazoezi iacheni kwanza

Jumanne nilikuwa nakunywa chai nyuma ya pazia la chumba cha mazoezi, nikamsikia mtarajali wetu mmoja akimhudumia mama mwenye mtoto wa wiki saba. Dakika nne. Najua ni nne kwa sababu chai ilikuwa bado inaunguza mdomo alipomaliza. "Mama unaumwa wapi? Kiuno? Tangu ujifungue? Haya, chukua hii, fanya kumi kumi mara tatu kila siku, usibebe ndoo, urudi baada ya wiki mbili." Hiyo "hii" ni ile karatasi. Mnaijua. Mazoezi 12, fotokopi ya fotokopi, na mwanamke wa kuchorwa aliyelala juu ya mpira mkubwa ambao idara nzima tunao mmoja na una kiraka. Mama akasema asante dokta, akaikunja mara nne, akaisokomeza ndani ya kadi ya kliniki, akamfunga mtoto mgongoni, huyo akaenda zake.

Kijana sikumgombeza. Ningeanzia wapi, na toleo la kwanza la karatasi hiyo niliandika mimi kwa mkono wangu? Basi nimeona niwaandikie wote mnaoanza utarajali na mtakaopangwa kliniki ya wazazi. Anatomia mnaijua kuliko mimi, sina la kuwafundisha huko.

1. Aoneshe kwa kidole kimoja.

"Kiuno" cha wagonjwa wetu ni mkoa mzima: kinaanzia chini ya mbavu, kinaishia kwenye makalio. Mwambie aweke kidole kimoja. Kikitua kwenye kile kishimo juu ya tako, upande mmoja, fikiria maungio ya nyonga. Kikitua katikati, juu ya pingili, hiyo ni kesi nyingine. Halafu alale chali ainue mguu ulionyooka, kama sentimita 20 tu. Akisema mguu mzito kama gunia, zibane nyonga zake kwa mikono yako miwili, ainue tena. Ukiwa mwepesi, amekuonesha mwenyewe tiba yake. Hiyo ndiyo ASLR, kipimo cha kuinua mguu ulionyooka, mliijibia mtihani wote na mkafaulu. Sijui huwa inapotelea wapi mkishavaa koti jeupe.

2. Mazoezi matatu.

Si 12. Utafiti wa Britt Stuge na wenzake wa Norway, ule wa 2004, mnaunukuu kila mkisimama mbele ya wenzenu: wanawake 81 wenye maumivu ya nyonga baada ya ujauzito, wiki 20, na waliofanya mazoezi mahususi ya kuimarisha nyonga walikuwa bado na nafuu kuliko wenzao hata miaka miwili baadaye. Mnachokiruka ni kwamba kila mama alipangiwa yake, na yakawa yanabadilishwa kadiri anavyoendelea. Hakuna aliyepewa fotokopi akaambiwa kwaheri. Mimi huanza na pumzi: anatoa hewa taratibu huku akivuta tumbo la chini ndani na kukaza kama anayezuia mkojo. Likikaa sawa, anaongeza kuinua nyonga akiwa chali, kisha kupiga magoti na mikono na kunyoosha mkono na mguu wa upande wa pili. Hilo la pumzi alifanye kila anaponyonyesha. Anayenyonyesha usiku na mchana tayari ana ratiba, usimtungie nyingine.

3. Muulize habari za usiku, lakini uulize vizuri.

Hapa nitachelewa kidogo.

Nilikuwa mwaka wa pili kazini, hospitali moja ya wilaya. Mama wa uzao wa tatu, mtoto miezi mitatu, anauza vitumbua stendi. Anaamka saa kumi alfajiri, anakaa kwenye kigoda mpaka saa nne. Kiuno kinamuuma. Kabla hajamaliza kujieleza mimi nimeshamaliza kufikiri: kigoda, ujauzito mara tatu, misuli ya tumbo imelegea. Nikauliza maswali yangu ya dalili za hatari kama nilivyofundishwa, nikiyatiki. Unalala vizuri usiku? "Hapana dokta, silali kabisa." Nikacheka. Nikamwambia, mama, nani mwenye mtoto mchanga analala? Naye akacheka kwa adabu, vile mtu anavyouchekea mzaha wa anayemhudumia.

Umepungua? Amepungua. Nikaandika ananyonyesha. Jasho usiku? Lipo. Nikaandika joto, na kweli ilikuwa Februari, pwani, watu wanne ndani ya chandarua kimoja. Umechoka? Jamani. Kila dalili niliyofundishwa kuiogopa ilikuwa na maelezo yake kutoka kwenye uzazi, na maelezo yote nilimpa mimi. Yeye alikuwa anajibu tu.

Na sikumvua nguo. Alivaa dera, foleni ilikuwa imefika mlangoni, nikapapasa mgongo juu ya kitambaa nikaona inatosha. Nikampa karatasi.

Baada ya wiki mbili akarudi maumivu yamezidi. Nikamwongezea mazoezi. Wiki ya nne akaja na daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, akaliweka mezani kwangu. "Nimeandika humu dokta, kila siku." Sikulifungua. Nilimwambia, na sauti yangu naikumbuka, kwamba mazoezi yakifanywa kweli maumivu hupungua. Kwenye faili nikaandika: hafanyi mazoezi nyumbani. Maneno matatu, na saini yangu chini.

Wiki ya sita akaja ameshikwa mkono na mamamkwe wake. Bibi mwenyewe ndiye aliyeongea. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama, akasema, "Mwanangu, huyu ndala zinamtoka mguuni wala hajui. Juzi kaenda na moja mpaka bombani, watoto wakawa wanamcheka."

Nilihisi baridi ikinipanda kutoka miguuni. Nikavuta pazia, nikamwomba ashushe dera. Juu zaidi ya pale tulipokuwa tukipaita kiuno, pingili moja ilikuwa imetokeza kama kifundo cha kidole. Nikaigonga taratibu kwa ncha ya kidole, akaruka. Nikagonga goti kwa nyundo, mguu ukaruka kupita kiasi. Nikausukuma unyayo juu kwa ghafla, ukabaki unadunda wenyewe mkononi mwangu, tuk-tuk-tuk, kama cherehani, hausimami: ishara kwamba neva za mgongoni zimebanwa.

Eksirei ilionesha pingili mbili zimelika na nafasi kati yake imekwisha. TB ya uti wa mgongo. Kikohozi hakuwa nacho hata cha kusingizia. Na mimi kwa wiki sita nilikuwa nikimkunja na kumkunjua juu ya mfupa unaoliwa, nikimlaumu kwa uvivu.

Alipopelekwa rufaa daftari likabaki mezani kwangu. Nililifungua usiku ule. Vijiti vitano vitano, kila zoezi na mstari wake, kalamu ya bluu ikiisha inaingia nyekundu. Siku moja tu haikuwa na vijiti. Pembeni kaandika: mtoto homa.

Alitumia dawa miezi 12, akavaa mkanda, na akatembea tena. Kibyongo kidogo kimebaki, kinaonekana akiinama. Mwaka uliofuata alipita hospitali akaniachia vitumbua, vya moto, kwenye sahani iliyofunikwa kawa. Mwenzangu wa zamu alivila vyote.

Kwa hiyo swali si "unalala?" Mzazi yeyote atakujibu hapana, na wewe utacheka kama nilivyocheka. Uliza hivi: mtoto akishalala, wewe unalala, au maumivu yanakukesha? Jasho nalo: linakulowesha mpaka ubadili shuka? Homa za jioni zipo? Haja ndogo unaihisi ikija? Kuna ganzi sehemu unazokalia? Ndala zinakaa mguuni? Na mgongo uonekane, pingili zigongwe moja moja. Ukisema foleni ni ndefu nitakuelewa kabisa, na bado nitakurudisha ndani.

Wengi wa kina mama mtakaowaona hawana TB, wala usaha, wala mfupa uliopasuka. Wana nyonga iliyolegea na kazi nyingi. Lakini usianze na hilo jibu, lifikie.

4. Kanga.

Msigombane na bibi anayemfunga mzazi tumbo. Mnakuja na moto wa chuoni, mnamwambia mtu aliyezalisha kijiji kwamba anakosea, halafu mnashangaa kwa nini mgonjwa harudi. Shusha tu ile kanga. Ikae chini kidogo ya ile mifupa miwili ya mbele ya nyonga, si kwenye kitovu, na isimbane pumzi. Kisha rudia kuinua mguu bibi akiwa anatazama. Mguu ukipanda wepesi umepata msaidizi wa bure, atasimamia mazoezi kuliko wewe. Mmoja alinirekebisha mbele ya wanafunzi kwamba fundo nimelifunga vibaya, na kweli lilikuwa linachoma mfupa. Nikafungua, akafunga yeye. Kuhusu kukandwa kwa maji ya moto: yasimuunguze, yasifike kwenye kidonda cha upasuaji, basi. Vita hivyo sivipigani tena.

5. Sindano ya ganzi ya mgongo, ile ya wakati wa kujifungua.

Atakwambia ndiyo iliyomharibu. Usimcheke. Mwambie panaweza kuuma pale ilipochomwa kwa siku kadhaa, ila waliofuatiliwa kwa muda mrefu hawakuonekana kuumwa mgongo zaidi ya wenzao kwa sababu yake. Kisha endelea na kazi.

6. "Usibebe ndoo."

Nani atambebea, wewe? Ndoo mbili za lita 10 badala ya moja ya 20. Beseni la kufulia lipande juu ya matofali. Ule ufagio mfupi wa chelewa utiwe mpini. Mtoto akae mgongoni, juu, kanga imekaza, kuliko kupachikwa ubavuni upande uleule kutwa. Kunyonyesha, mtoto aletwe kwenye ziwa kwa mto au kanga iliyokunjwa, si ziwa kupelekwa kwa mtoto. Aliyepasuliwa asinyanyue kizito kuliko mtoto wake kwa wiki sita, na hili usimwambie yeye, mwite mume umwambie. Mume mmoja aliniuliza, kwa unyenyekevu kabisa, kama mtungi wa gesi nao unahesabiwa. Nikamwambia baba, wewe unaonaje? Akaenda kuunyanyua mwenyewe tangu siku hiyo, mkewe alinithibitishia.

Yule mama wa Jumanne tumempigia simu, anakuja Jumatatu. Karatasi anasema kafungia karanga.

Na jana kijana wetu kapata mwingine, mtoto wa miezi miwili, kiuno. Nilikuwa nyuma ya pazia na chai yangu, najifanya sisikii. Akamwomba aoneshe kwa kidole. Akanyamaza kidogo, nikajua anatafuta maneno.

"Mama, mtoto akishalala, wewe unalala?"

"Ee dokta, akilala huyu, mimi hata nyumba ikiungua hamniamshi."

Wakacheka wote wawili. Halafu nikamsikia anasema, "Haya mama, geuka nikuone mgongo," na pete za pazia zikalia kwenye bomba lake.