Tovuti ya Usharika Ianzie Kwenye Maombi

Usharika ukipata wazo la kuwa na tovuti, kinachojadiliwa kwanza ni picha ya jengo jipya, kisha salamu za mchungaji, kisha historia tangu jiwe la msingi lilipowekwa. Hapo kamati inachoka. Baada ya miezi kadhaa ukurasa wa matukio bado unatangaza harambee iliyokwisha zamani, na anayeufungua ni mmoja tu, yule kijana aliyeutengeneza.

Nimekaa miaka kadhaa kwenye kamati ya habari ya usharika wetu wa KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, pembezoni mwa Arusha, na majirani wa sharika nyingine wakija kuomba ushauri wa tovuti huwa nawauliza swali moja kabla ya kuzungumzia bei: mna maombi gani ambayo mtu angetaka kuyarudia Jumatano akiwa kwenye daladala? Kama hayapo, tovuti haina cha kubeba, hata mkilipa milioni mbili.

Kwa hiyo nianze na maombi yenyewe.

Wazee wetu walisikia habari ya kuomba kwa namna mpya wakadhani tunataka kuleta makelele. Mzee mmoja wa kanisa aliniambia, "Mwanangu, liturujia hii ilimzika baba yangu, na mimi itanizika. Msiiguse." Hatukuigusa. Ukiijua ibada yetu vizuri utaona nafasi ipo tayari: baada ya mahubiri kuna maombi ya kanisa, na pale kiongozi ana ruhusa ya kuleta mahitaji ya watu kwa maneno yao. Tatizo ni kwamba kwa miaka mingi nafasi ile imejazwa na maneno yaleyale, wagonjwa popote walipo, wasafiri wa nchi kavu na majini na angani, viongozi wetu wa nchi, amina. Hakuna ubaya ndani yake. Ila mwenye mgonjwa ndani hamsikii mgonjwa wake.

Tulichofanya ni kuichukua Zaburi ya 136. Ina aya 26 na kila moja inaishia na maneno yaleyale: "Kwa maana fadhili zake ni za milele." Watu wetu hawahitaji kufundishwa kuitikia, hilo wamezaliwa nalo. Kila jumuiya ikapewa kazi ya kuleta mstari mmoja wa wiki hiyo, uliotungwa kwenye ibada ya nyumba kwa nyumba, ukiwa umeandikwa kwenye karatasi. Jumapili kiongozi anasoma, kanisa zima linaitikia. Mistari ya mwanzo ilikuwa ya kinafiki kidogo, kila mtu anaandika kama anaandikia askofu. Halafu jumuiya moja ikaleta huu: "Aliyetutoa kwenye mkopo wa kausha damu tukiwa bado na jiko la kupikia." Kanisa lilicheka kwanza, kisha mwitikio ukatoka kwa sauti ambayo sijaisikia hata kwenye Pasaka. Wiki iliyofuata karatasi zilikuja zimejaa. Mvua za masika zilizochelewa, ada ya kidato cha tano, mume aliyerudi kutoka machimboni Mirerani bila jiwe lakini mzima. Nami nawashauri msizisahihishe karatasi hizo zaidi ya tahajia. Mchungaji akianza kuzinyoosha zifanane na za kitabuni, mtarudi kwenye wasafiri wa nchi kavu na majini.

Watoto wa Sunday school wao walipewa Zaburi ya 23, wamalizie wenyewe Bwana ni nani kwao. Mmoja akaandika, "Bwana ni konda wangu, hanishushi njiani." Mwingine: "Bwana ni bibi yangu, ananibakizia ugali." Kuna mzazi aliyelalamika kwamba ni kukosa heshima. Mchungaji alimjibu kwamba Daudi alikuwa mchunga kondoo, akatumia kazi aliyoijua, na mtoto wa mjini hajawahi kuchunga hata kuku. Mimi sina la kuongeza hapo.

Njia nyingine ni kutembea. Wenzetu Wakatoliki wana Njia ya Msalaba yenye vituo 14, na Ijumaa Kuu wengine huitoa barabarani. Sisi tulichukua wazo la vituo: Jumamosi moja asubuhi, badala ya kukaa sebuleni kwa mwanajumuiya, tunazunguka mtaa wetu. Tunasimama zahanati, shule ya msingi, kijiwe cha bodaboda, na tunaomba kwa ufupi mahali penyewe pakiwa mbele ya macho. Kwenye baa tulibishana kama tusimame au tupite. Tulisimama, na mhudumu aliyekuwa anafagia akatuomba tumkumbuke mtoto wake anayefanya mtihani wa darasa la saba. Mkitaka kujaribu, mtaarifuni mwenyekiti wa serikali ya mtaa mapema, msichukue kipaza sauti, na muwe watu wachache tu. Mkienda kama maandamano watu watafunga milango, na huenda mkapata maswali ya polisi bure.

Kukaa kimya tumejaribu pia. Ni kugumu mno. Mpiga kinanda wetu hawezi kuvumilia dakika mbili bila kugusa vitufe.

Sasa tovuti. Karatasi zile za Zaburi zilianza kuombwa. Mama fulani anataka ile ya wiki jana amtumie binti yake aliyeko Muscat kwa kazi za ndani; kijana amehamia Dodoma anauliza kama bado tunafanya. Kundi la WhatsApp lilikuwepo, lakini mnajua linavyokuwa: ombi la saa moja asubuhi, ikifika saa tatu limefunikwa na picha za maua za "siku njema" na fowadi za dawa ya presha. Tena mtu aliyehamia mtaani kwenu jana hayumo kwenye kundi, yeye anatafuta Google kanisa lililo karibu na saa ya ibada. Hao wawili, aliyeondoka na aliyekuja, ndio wa kuwajengea.

Ukurasa unaowatosha ni mdogo kuliko mnavyofikiri. Saa za ibada, mahali kanisa lilipo pakiwa pameunganishwa na ramani, namba ya simu ya ofisi ya usharika, na maombi ya wiki. Basi. Fundi mmoja alitupa bei ya milioni moja na nusu kwa tovuti yenye picha zinazoteleza juu, kaunta ya wageni na sehemu ya kuingia kwa nywila ambayo hakuna aliyejua itaingiwa na nani. Tulimshukuru. Google Sites na Blogger ni bure kabisa, na mtu anayeweza kuandika barua kwenye kompyuta anaweza kuzitumia baada ya jioni moja ya kuelekezwa. WordPress nayo programu yake ni bure, lakini mtalipia nafasi ya kuihifadhi, na inataka mtu wa kuisasisha mara kwa mara. Isiposasishwa inadukuliwa, na nimeona kwa macho yangu tovuti ya kanisa iliyogeuka tangazo la kubeti bila wenyewe kujua. Kama hamna mtu huyo, chagueni ile nyepesi.

Mahali pa kutoa pesa ni kwenye jina. Jina lenu wenyewe, linaloishia kwa .or.tz, halifiki laki moja kwa mwaka, na linawapa uhuru wa kuhama kutoka huduma moja kwenda nyingine bila kupoteza anwani mliyokwisha kuibandika kwenye kalenda na kadi za michango. Lakini hapa sharika nyingi huumia. Jina husajiliwa kwa barua pepe ya kijana mmoja mwenye moyo. Kijana anapata kazi Mwanza, anabadilisha laini, mwaka unaisha, taarifa ya kulipia inakwenda kwenye barua pepe ambayo hakuna anayeifungua, na jina linachukuliwa na mtu mwingine. Fungueni barua pepe ya usharika, nywila iandikwe kwenye karatasi na iwekwe kwenye sefu pamoja na hati ya kiwanja, na malipo ya jina yaingie kwenye bajeti ya usharika kama umeme na maji. Yasiwe sadaka ya mtu.

Jambo la pili la fedha ni la msomaji, yaani bando lake. Picha moja ya simu za siku hizi inaweza kufika MB 4. Mkiweka kumi za ubatizo bila kuzipunguza, muumini wenu amekula MB 40 kabla hajasoma neno. Zipunguzeni hadi KB 100 kila moja, programu za kufanya hivyo ni za bure, na kwenye ukurasa wa maombi msiweke picha hata moja. Maandishi matupu ya Zaburi yetu ya wiki hayafiki KB 50. Kwa wasioona vizuri tunarekodi sauti: mama mwenye sauti nzuri anasoma dakika tatu, tunaihifadhi kwa ubora wa chini, inakuwa chini ya MB 1. Video ya muda huohuo ingekuwa mara kumi au zaidi, na hakuna anayehitaji kuona midomo yetu ikisali.

Kuhusu kurusha ibada moja kwa moja, ulizieni kwanza TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilileta leseni ambayo kwa mwaka wa kwanza ilizidi milioni mbili, zikabadilishwa 2020, zikarekebishwa tena 2022. Ukurasa wa saa za ibada na maombi ni jambo moja, kuendesha televisheni ya mtandaoni ni jambo jingine kabisa, na baraza la wazee lisikurupuke kwa sababu usharika wa mjini una kamera tatu.

Ninalotaka mlishike kuliko mengine yote ni hili la siri za watu. Ombi linalosemwa kwenye jumuiya limesemwa mbele ya majirani kumi wanaojua kunyamaza, au angalau wanaojulikana wasiponyamaza. Likiwekwa mtandaoni linasomwa na mwajiri, mkwe na mwenye nyumba. Dada mmoja aliomba kwenye kundi la simu tumwombee apate kazi nyingine kwa sababu pale alipo ananyanyaswa. Mtu akapiga picha ya skrini, na kabla ya wiki kuisha bosi wake alikuwa nayo. Huyo dada haombi tena hadharani, na simlaumu.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya na za imani ya dini miongoni mwa taarifa nyeti. Ukurasa wa kanisa unaosema fulani wa jumuiya fulani ana saratani umegusa zote mbili kwa sentensi moja. Sisi tumekubaliana hivi: majina yanatajwa kwa mdomo, kanisani na jumuiyani, mwenyewe akiridhia, kwenye tovuti hayaingii. Hata bila jina mtu hujulikana. Mstari mmoja ulisema "mama wa genge la kona," na kona ile ina genge moja tu, tukaubadilisha kuwa "wauza genge wetu." Picha za watoto tunaomba idhini ya mzazi, kwa maandishi. Fomu ya kutuma maombi kupitia tovuti tuliikataa kabisa, kwa sababu hakuna aliyeweza kutuambia nani atazisoma fomu hizo saa tano usiku na atafanya nini akikuta mtu ameandika anataka kujiua. Tumeweka namba ya ofisi na ya mchungaji mwenyewe, naye alikubali kabla hatujaiweka.

Kwa sadaka, msiweke namba ya simu ya mtu binafsi, hata ya mhasibu. Wekeni Lipa Namba yenye jina la usharika ili anayelipa alione jina kabla ya kuweka namba ya siri, maana matapeli wanajua kunakili ukurasa wa kanisa kama wa benki.

Swali ninaloulizwa mwishoni ni nani atafanya kazi hii kila wiki. Msimpe mtu wa kompyuta. Mpeni mtu wa maombi, kisha mtafutieni mtu wa kompyuta wa kumsaidia. Kwetu karatasi zinakusanywa Jumapili na mama mmoja mstaafu, mwalimu wa zamani, anazipanga kwenye daftari, anazipitia kwa ajili ya majina, na Jumatatu jioni mjukuu wa mtu yeyote aliye karibu anazichapa. Mama huyo akisafiri, ukurasa unabaki na maombi ya wiki iliyopita, na hakuna aliyekufa. Nakala moja inabandikwa kwenye ubao wa matangazo kwa wenye simu za kitochi zisizo na intaneti, na viongozi wa jumuiya wanaisoma kwenye ibada za nyumbani. Mkianza mwaka huu, pelekeni ombi lenu kwa mhasibu kabla bajeti ya mwaka ujao haijafungwa: jina la tovuti, rimu moja ya karatasi, na bando la mama mwenye daftari.