Walijenga kwa hiari, wakavunjwa kwa amri

Ndugu Mhariri, mmeuliza: je, serikali ina haki ya kumlazimisha mtu kwa ajili ya maendeleo yake mwenyewe? Nasema haina. Watetezi wa ulibertari, yaani falsafa ya serikali ndogo na uhuru mpana wa mtu binafsi, hutoa mifano yao Marekani, ambako wana chama chao tangu 1971. Mimi mfano wangu uko Songea.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijana wa TANU walihamia Litowa wakaanza kulima na kuishi pamoja. Mwaka 1963 ikazaliwa jumuiya ya maendeleo ya Ruvuma, RDA, na kufikia 1969 ilikuwa na vijiji 17. Hakuna aliyeswagwa kuingia. Wanakijiji walikutana, wakabishana, wakapanga kazi na kugawana mapato. Walikuwa na shule yao na mashine ya kusaga nafaka. Ule ulikuwa ujamaa hasa, na mlibertari wa kweli hana ugomvi nao, kwa sababu aliyechoka aliweza kuondoka.

Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikaipiga marufuku RDA, na mali zake zikachukuliwa. Kosa lao kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba waliamua mambo yao bila kungoja maagizo ya wakubwa wa mkoa. Inaniuma kila ninapolifikiria hilo. Chama kilichohubiri kujitegemea kiliwaogopa watu waliojitegemea!

Mwalimu Nyerere mwenyewe aliandika mwaka 1968, katika Uhuru na Maendeleo, kwamba watu hawaendelezwi, bali hujiendeleza. Novemba 1973 akatangaza kuwa kuishi vijijini sasa ni amri. Ikaja Operesheni Vijiji: mamilioni wakahamishwa, kwingine kwa malori na wanamgambo, kwingine nyumba zikichomwa ili watu wasirudi. Wengi waliwekwa kandokando ya barabara, mbali na mashamba waliyoyajua. Ukame wa 1973 na 1974 ulichangia njaa, sikatai, lakini kumng'oa mkulima shambani wakati kama ule kulizidisha madhara. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa.

Wapo watakaonijibu kwamba shule, zahanati na visima viliwafikia watu kwa sababu walikusanywa. Shule zilijengwa, ni kweli, na wazee wetu wengi walijifunza kusoma. Lakini anayetaka kupeleka huduma anaweza kujenga zahanati na kuwaacha watu wasogee wenyewe.

Kilichorahisisha amri ile ni ardhi. Tangu 1963 umiliki wa kudumu ulifutwa ukawa upangaji kwa serikali, na Sheria ya Ardhi ya 1999 bado inasema ardhi yote ni ya umma, chini ya Rais kama mdhamini. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huohuo, serikali ikitaka kuhamisha ardhi ya kijiji kwa manufaa ya umma, mkutano wa kijiji unaweza kukubali au kukataa iwapo eneo halizidi hekta 250. Likizidi hapo, uamuzi ni wa waziri, na wanakijiji wanabaki kutoa maoni. Nataka kikomo hicho kifutwe. Kijiji kiwe na haki ya kukataa hata kama ni hekta elfu kumi, na anayeitaka ardhi hiyo aende akawashawishi wenyewe.